Dakika Nane za Februari

Kila sekunde thelathini programu yauliza:
Upo?
Seva yajibu: Nipo.
Upo? Nipo.
Kama mume na mke waliozeekea kitanda kimoja,
hakuna anayefumbua macho,
swali na jibu vyapishana gizani,
na kwenye skrini yangu
kinaongezeka kijiti kimoja cha kijani.

Hii ni kampuni ya joto ya mji, Daugavpils,
chumba cha chini, ukutani mwa boila la zamani.
Nje nyuzi ishirini chini ya sifuri,
theluji imeyalalia magari hadi yamefanana.
Vilnis, mkuu wa zamu, anataka ripoti Ijumaa:
"Asilimia ngapi, Dzintra? Manispaa hulipa kwa asilimia."

Tisini na tisa nukta tisa nane.
Ukiipigia hesabu, Februari nzima
tulipotea dakika nane.

Dakika hizo nazijua, ni zangu.
Jumanne ya tatu nilichomoa kebo kwa mkono huu,
nikasimama na saa
nione kama king'ora kitalia au kitasinzia nasi.
Ya kwanza, kimya.
Ya pili, kimya; nikasikia feni zikihema.
Ya tatu simu ikatetemeka mfukoni,
na ya Vilnis, kwake, povu la sabuni shavuni,
na ya Arturs, aliyeacha kazi tangu Septemba
na sasa anauza matairi Rēzekne.
Akanipigia: "Mnakufa huko?"
Tukacheka. Tukaongea bei ya matairi.
Ndiyo maana zikafika nane.

Lakini usiku wa tarehe kumi na moja,
utafute kwenye ripoti:
kijani, kijani, kijani,
shamba la ngano changa lisilotuliwa na ndege.
Upo? Nipo.
Na kweli ilikuwapo. Haikusema uongo.
Ilijibu kama ajibuvyo mfiwa
akiulizwa habari za nyumbani: njema,
kwa kuwa salamu haina jibu jingine,
kisha anameza mate, anasema: ila…

Hakuna aliyeifundisha programu kuingoja hiyo ila.

Ila yenyewe: vali ya mtaa wa relini iliganda imefungwa.
Kihisio kikafa. Seva ikashika namba ya jioni,
sitini na nane, sitini na nane,
ikaikariri kama kasuku hadi alfajiri.
Na Genovefa, ghorofa ya tano, miaka themanini na mmoja,
akavaa koti juu ya koti,
akaweka kiganja kwenye bomba chini ya dirisha,
akakiacha hapo, kama anayepima homa ya mtoto
na kuikosa.
Saa kumi kasoro dakika tano za usiku akapiga simu:
"Binti, chuma chenu kimekufa."

Nilitazama skrini. Nikamwambia,
naliandika hili kwa aibu:
"Mama, huku kwetu kila kitu kizima."

Akanyamaza.
"Basi njoo ulale huku."

Leo Vilnis amesema zile nane nizifute,
jaribio si hitilafu,
tufike mia kamili, ipendeze.
Nimeziacha. Ndizo dakika pekee za mwezi huu
ambazo mashine na mimi tulisema jambo moja.
Chini yake nimeongeza, kwa mkono, kwa kalamu:
tarehe kumi na moja, saa nne na robo, baridi.
Hakuna safu ya neno hilo. Nimeliandika pembeni.

Kisha nikapanda ngazi mia na mbili
na kipima joto kidogo kama kiberiti.
Genovefa alinishikia utepe, nikakibandika ukutani.
Alinipa maji ya zabibu nyeusi, akanisimanga kwa viatu vyangu.

Usiku huo programu, kwa mara ya kwanza,
haikuiuliza seva. Iliuliza chumba.
Jibu: ishirini na moja.

Sikuliamini. Nikampigia.
Simu iliita, ikaita.
"Upo?"
"Nilikuwa nimelala, mjinga wewe,"
akakata.

Nikarudi kukaa. Kijiti kile
nilikitazama kwa muda.