Kidole Kisichosomeka

Tulifika benki ya Barabara ya Kenyatta kabla ya saa mbili,
mimi na Holo na bahasha yake ya kaki
iliyovimba kwa karatasi: pasipoti, mkataba wa Maskati,
picha nne, na barua ya mwenyekiti wa mtaa
inayoapa kwamba Igogo tunakoishi ndiko tunakoishi.

Mlinzi alininusa kabla ya kunisalimu.
Sikumlaumu. Mwaloni haukutoki kwa sabuni moja;
dagaa wa miaka ishirini na sita
ni marashi yanayotangulia kupiga hodi.

Binti wa dirishani, Nyanjige, jina lipo kifuani,
alisema akaunti iwe ya watu wawili,
mmoja atume, mmoja atoe.
Akatugawia maneno kama dozi:
ada ya mwezi, kima cha chini, bei ya riali kwa siku hiyo,
siku tatu za kazi, na Ijumaa kule haihesabiwi.
Nikauliza: hizo siku tatu pesa inalala kwa nani?
Akacheka. Holo akanikanyaga mguu.
Lakini mimi nimekopesha magunia mpaka Kongo,
najua mzigo ukikawia njiani
kuna mtu anaula.

Usiku uliotangulia, Kwandu wa mama mdogo,
aliyerudi kutoka huko na begi moja,
alimfunda Holo jikoni, wala si mambo ya ndoa:
Kadi usimpe tajiri akutunzie.
Namba ya siri usiiandike nyuma ya picha ya mama.
Mshahara wa kwanza usipoingia, uliza;
wa pili usipoingia, usingoje wa tatu.
Na usitume zote.
Mimi nilituma zote.
Nikarudi nikakuta nyumba, bati la rangi,
na hati ina jina la kaka.

Kikaja kimashine chenye taa ya kijani.
Weka dole gumba, mama. Nikaweka. Kikalia.
Cha shahada. Kikalia.
Nyanjige akanipa kitambaa, akanipa mafuta,
akaninong'oneza, jaribu wa kushoto.
Wapi!
Kuanika, kuanua, mchanga, jua, magamba,
ziwa limenisugua kama kokoto,
limenifuta mistari yote kidogokidogo
na halikunipa risiti.

Basi nikaandika. Herufi sita za elimu ya watu wazima,
KABULA, ile B ina kitambi.
Mara tatu, zifanane.
Hazikufanana. Meneja akasema zinatosha.

Kisha chini kabisa, ukurasa wa nne,
fomu ikauliza: mrithi?
Holo hakuinua hata macho.
Akaandika jina langu, akaandika "mama",
akapuliza wino ukauke.
Mtoto wa miaka ishirini na minne
ananirithisha mimi, niliyemzaa Bugando usiku wa mvua!
Nilitaka kusema futa, andika mtu mwingine,
mto haupandi mlima.
Lakini nyuma yetu foleni ilikuwa ikikohoa,
na kalamu yenyewe imefungwa mnyororo mezani
kana kwamba nayo ina safari.

Nikafungua pindo la kanga. Elfu hamsini.
Noti zilinuka kama mimi.
Mashine nyingine ikazimeza, trrrr,
ikazihesabu zote.
Hiyo haikulia.

Sasa simu ikitetemeka nikiwa chanjani
najifuta mikono upesi, namwita Doto anisomee.
Ni kampuni ya simu, inanitakia siku njema.
Ni benki, imekata ada yake ya mwezi.
Holo akipiga sauti iko mbali, anasema yu mzima,
anasema kadi "ipo", hasemi ipo kwa nani.
Jana Kwandu alipita, akahesabu kwa vidole,
akaviangalia, akavikunja.
Mwezi wa pili unaisha Alhamisi.
Ijumaa kule haihesabiwi.