Joto la Ngamiani

Gari hili mjomba Sefu alilinunua mnadani,
kwenye shamba la katani, Pongwe:
Landrova ya mwaka niliozaliwa,
mlango wa nyuma ukifungwa kwa kamba.
Siku hiyohiyo alilipeleka Ngamiani kwa fundi Mbaruku,
naye akaing'oa mipira miwili
iliyopeleka maji ya moto ndani kwa dereva,
akaunganisha kipande cha bomba, akakaza kwa waya wa shaba.
"Joto la nini, bwana? Tanga hii
sisi tunatafuta pa kulitupa."

Nilicheka. Nilikuwa na miaka tisa,
na baridi niliyoijua ilikaa ndani ya friji ya duka la Kassamu,
ikichungulia mtu akinunua barafu.

Sasa nimeolewa Lukozi.
Mjomba alipofariki, gari likanifuata mlimani.

Julai, saa kumi za usiku.
Ukungu umelala barabarani kama ng'ombe asiyetaka kuondoka,
na magunia kumi na mawili ya kabichi
yanatakiwa Mombo kabla bei haijaamka.
Shekiondo anavuta choki. Gari linakohoa, linakataa, linakohoa.
Upepo unaingilia kwenye pedali ya klachi,
unapanda ndani ya sketi yangu bila hodi.
Kioo kinatokwa jasho, mimi natetemeka.
Nakisugua kwa nusu ya kitunguu, alivyonifundisha mama mkwe,
na machozi haya, jamani, si ya ndoa.

Tumejaribu.
Tumeziba matundu ya pedali kwa sponji la godoro.
Tumefunga boksi la sabuni mbele ya rejeta
ili injini isipoe njiani.
Nimepasha tofali jikoni, nikalifunga kwa kanga, nikalikanyaga.
Kanga ilisema NIMERIDHIKA NA NILICHOPATA;
tofali likaunguza neno la kwanza.
Kufika Magamba, lilikuwa tofali tu.

"Utazoea," anasema Shekiondo.
Nimezoea ugoro wa mama yake.
Nimezoea nyumba iliyokaa ukingoni mwa mlima
kama kikombe kilichosahaulika pembeni mwa meza.
Hili sizoei.

Basi nikauza plamu za wiki nzima, nikaenda kwa Singano,
anayetengeneza cherehani, redio na magari kwa spana zilezile.
Akajilaza chini ya dashibodi, miguu nje,
viatu viwili visivyofanana.
Akakuta kile kiboksi cha joto bado kipo,
kimekaa gizani miaka ishirini na sita
kama mtu aliyeambiwa "ningoje hapo,"
na aliyemwambia akafa.
Waya wa Mbaruku ulimtoa jasho kuufungua.
"Huyu mzee alijua kukaza," akasema, akautia mfukoni.
Mipira mipya, klipu nne, maji. Feni ikagugumia.

Alfajiri iliyofuata tuliwasha.
Hakikutoka kitu hadi tulipoipita Magamba.
Kisha dashibodi ikapiga chafya:
vumbi jekundu, bawa la mende,
na nyuzi za katani, fupi, nyeupe,
zikaelea mbele ya kioo,
zikatua juu ya kofia ya Shekiondo.
Nyuma yake likaja joto.

Lilikuwa na harufu. Ya oili, ya gunia,
ya Ngamiani saa nane mchana,
watu wamejilaza barazani
na redio ya jirani inasoma matangazo ya vifo.
Nilivua soksi, nikaweka nyayo pale.
Sikusema neno mpaka Lushoto,
na mimi si mtu wa kunyamaza.

Huko nyuma kabichi zilibaki na baridi yao, inavyopasa.

Kabla ya Soni Shekiondo akafungua kifungo cha koti,
halafu cha pili.
Halafu akanyoosha mkono, akasukuma kioo cha dirisha.
"Limezidi," akasema.

Nikamwambia, funga.