Pupa

Shuleni kwetu Sikonge, ubao una ufa
unaopita katikati ya kila neno.
Mwalimu Mihayo akaandika: PUPA.
Tukacheka. Nani asiyeijua pupa?
Pupa ni Kashindye, aliyefungua mzinga
kabla moshi haujakolea,
akarudi na mdomo kama andazi
na sega jeupe, lisilo na tone la asali.

"Hiyo ni yenu," akasema. "Hii ni ya Kilatini.
Kwao pupa alikuwa mtoto wa kike,
kisha mwanasesere,
yule wa kufungwafungwa, asiyelia, asiyekula.
Msomi mmoja akamwona mdudu
amejifunga vivyo hivyo,
akampa jina la kuchezea watoto."

Jioni nililiomba sega la Kashindye.
Kwa mwiba nikabandua kifuniko kimoja cha nta.
Ndani alilala nyuki mweupe kama tui,
macho yameanza zambarau,
mabawa bado ni wazo tu.
Hakunisogelea. Hakukimbia.
Nikataka kumrudishia mlango wake,
nikaulainisha kwa mate, nikaubonyeza;
nta ikishabanduka haishoneki.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu, tunaambiwa.
Hakuna aliyetuambia habari za yule
anayekuwa tamu polepole, gizani,
halafu pupa ya mtu ikamfikia.

Mdogo wangu Limi akaniomba.
Akamlaza kando ya mtoto wake wa gunzi,
akawafunika wote wawili
kwa pindo moja la kanga.