Weupe wa Jumatatu

Nani huyo aliyekaa mahali pakavu
akaamua watoto wa milima hii wavae nyeupe?
Ningependa kumwona. Ningemketisha hapa jiweni,
mfereji ukipita, saa tatu ya usiku,
nimpe soksi za Vithusha
na sabuni iliyobaki nyembamba kama ukucha.

Sugua, bwana. Hiyo si kutu.
Ni ruba. Wanapanda kutoka kwenye michai
njia nzima ya kushukia Hatton,
wanakunywa polepole, kwa adabu,
wakishiba wanaanguka wenyewe,
na damu ya mwanangu inaniachia kazi.
Ndimu, chumvi, kisha buluu kidogo.
Buluu ikizidi, gauni hugeuka mbingu ya mvua,
na Mwalimu Rajeswari ana macho.
Mwaka jana alimrudisha nyumbani
kwa sababu kola "imeanza kuzeeka."
Na mimi je? Mbona mimi sirudishwi?

Kitambaa tulipewa bure, nisiseme uongo,
mwaka ule; cha mwaka huu twaambiwa kimo njiani.
Bure, lakini hadi mlangoni kwa fundi.
Fundi Selvam anataka chake, vifungo vinataka chake,
tai, viatu, soksi jozi mbili,
moja mguuni, moja juu ya jiko ikibembelezwa na moshi,
na moshi nao hauondoki mikono mitupu: unaacha harufu.
Cha bure kina ndugu wengi.

Nimelaani, basi. Nimelaani hadi Pakkiyam
aliye mstari wa pili akaniambia, dada, chuma chai.

Halafu ikaja ile Ijumaa.
Shule ilikuwa inatimiza miaka, wakatangaza:
njooni na nguo za rangi, zile zenu nzuri.
Wangu alikunja karatasi mara nne, akaificha ndani ya kiatu.
Asubuhi tumbo likamuuma.
Nililishika. Halikuwa na joto, halikuwa na kitu.
Sikumuuliza. Tulikaa wawili tukachambua mchele
uliokwisha kuchambuliwa.
Jioni akaja Tharani, binti wa mwenye duka la simu,
na gauni la zambarau lenye vioo vidogo vidogo kifuani,
na mwanangu akavihesabu kwa sauti,
thelathini na saba,
kama aliyeitwa mbele ya ubao.

Jumatatu aliivaa nyeupe yake mbiombio,
ikiwa bado na unyevu makwapani.
Wakashuka wote wawili. Walipofika kona ya kiwanda
sikujua tena yupi ni wangu.
Nilifurahi.
Kisha nikaogopa kwamba nilifurahi.

Mimi niliivaa hadi darasa la nane.
Baada ya hapo nikapewa gunia la kufunga kiunoni,
kinga ya umande, na kamba ya kikapu kichwani.
Hiyo nayo ni sare. Haina kola,
na hakuna akurudishaye nyumbani ukichakaa ndani yake.
Watalii husimamisha gari, hutupiga picha
kutoka mbali, wanawake ishirini kwenye kijani.
Wanaondoka bila kujua yupi ni Yogarani.

Kwa hiyo usiniulize niko upande gani.
Usiku huu nafumua pindo.
Nilimwomba fundi aache akiba, vidole vinne,
maana mtoto hakui kwa ruhusa ya mtu.
Kila mwaka nashusha kidole,
na kile kilichokuwa kimejificha kinatoka
na weupe wa dukani,
weupe ambao sabuni yangu haijawahi kuufikia.
Mistari miwili tayari. Huu wa tatu.
Wataiona? Tharani hushonewa mpya kila Januari.

Natia makaa ya vifuu ndani ya pasi,
nalowesha kidole, nagusa: *chwi*.
Nje mvua imeanza tena juu ya mabati.
Vithusha anageuka kitandani,
anauliza, macho yamefumba, kama imekauka.
Lala, namwambia.
Haijakauka.