Nyuso Arobaini na Moja, Mpunguzi

Nyuso arobaini na moja zimo ndani ya kamera
na hazitaki kutoka.

Kamera ni ya chama. Tuliinunua Dodoma mjini,
mtumba, kwa fedha za zabibu za Agosti,
kifuniko cha betri kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Jana nilisimama nayo mbele ya ghala,
shuka jeupe la Sechelela nyuma ya kila mkulima,
upepo ukilivimbisha,
nikasema: Tulia. Usicheke. Ni ya kitambulisho.
Wakacheka.

Leo nimechomeka waya.
Kompyuta ya ofisi ndiyo ile iliyokufa kwa virusi mwaka juzi,
Ndahani akaifufua kwa mfumo wa bure,
ule ambao yeyote anaruhusiwa kuupasua na kuusoma utumbo,
kisha akarudi zake chuoni, akaniachia daftari:
Usiogope dirisha jeusi, shangazi.
Linasema kweli, ila halibembelezi.

Kimya.
Nikachomoa, nikapuliza vumbi jekundu, nikachomeka.
Kamera ikalia mara moja, kifaranga,
kompyuta ikanitazama
kama karani wa benki saa tisa na nusu.

Basi, dirisha jeusi.
Amri ya kwanza ya daftari ina herufi tano,
irabu moja tu katikati, neno kama chafya iliyozuiwa.
Likajibu mistari sita. Kipanya. Kibodi. Vitu nisivyovijua.
Na mstari wa nne ukaitaja kamera kwa jina la kiwandani
na namba ndefu kama ya hati ya kiwanja.

Yaani inaiona!
Imeiona tangu asubuhi,
kama jirani anayekusikia ukipiga hodi
na anaendelea kuchambua mlenda.

Amri ya pili.
Ruhusa imekataliwa.
Nani kakataa? Humu nimo mimi
na mjusi wa ukutani.

Nikasoma daftari hadi ndani ya jalada la nyuma,
ambako Ndahani aliandika kwa penseli, usiku, herufi zikilala:
kila mtumiaji ana makundi yake.
Wa kugusa vifaa sharti awe mwanachama wa kundi la vifaa.
Wewe nilisahau kukuingiza. Samahani.

Nikakaa.

Miaka kumi na miwili naandika rejista ya chama hiki.
Ni mimi ninayewaambia watu: shamba tunalijua,
mizabibu yako tunaiona kutoka barabarani,
lakini jina lako halimo.
Nilimwambia hivyo Bi Chisota
matanga ya mumewe hayajaanuliwa.
Kadi ilikuwa ya marehemu. Nikasema, rudi na barua ya mtendaji.
Alirudi nayo mara tatu. Mara mbili mhuri haukusomeka.

Mimi kuingia kundini ni mstari mmoja.
Neno la siri halioneshi hata nyota, unaliandika gizani,
halafu unatakiwa utoke kabisa, uingie tena,
maana haikutambui upya mpaka uondoke.

Nikatoka. Nikaingia.

Zikaanza kushuka, taratibu, kila uso na asilimia zake.
Mzee Lechipya kafumba macho. Masinga mdomo wazi,
kama aliyekatizwa katikati ya mbukwenyi.
Wawili nimewakata masikio, itabidi nirudie.
Ya thelathini na moja ilikwama kidogo, nusu paji la uso,
kisha ikamalizika: Bi Chisota.
Hakucheka. Katika wote, yeye peke yake alinitii.
Ananitazama
kama mtu aliyekuja na barua mkononi
na safari hii mhuri unasomeka.

Faili lilikuwa na namba tu.
Nikafuta namba, nikaandika jina,
lake, si la mume.
Taa ikapepesa, kama kawaida ya saa kumi.
Nikahifadhi haraka. Mara mbili.