Safu Isiyo na Namba

Mimi ndiye niliyemrudishia Larysa risiti ya barafu kavu,
dola kumi na nne na senti zake,
kwa kuwa kasma ya barafu ilifungwa Ijumaa
naye alinunua Jumatatu.
Nikapiga muhuri mwekundu: HAPANA.
Nje, Winnipeg ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri,
barafu imezagaa barabarani, ya bure,
wala haina kasma.

Ofisi ya hesabu iko chini ya ardhi,
dirisha langu limelingana na theluji.
Watafiti nawajua kwa viatu.
Vyake vimepasuka kisigino cha kulia,
hupita saa mbili usiku kwenda kulisha seli.
Seli hazijui sikukuu, aliwahi kuniambia,
kama kitoto kichanga.

Anachunguza figo za watoto.
Mwaka wa tatu huu ana maabara yake,
jina lake mlangoni bado ni la karatasi.
Na kila senti aliyoipata ilikuja na kamba mguuni:
hii ya panya, hii ya nauli,
hii ya dawa lakini si ya chupa ya kutilia dawa.
Mbuzi hula urefu wa kamba yake.
Niliyeishika kamba ni mimi, Einar wa hesabu,
miaka ishirini na sita, bila kosa.

Machi ikaja barua ya tuzo. Miaka minne.
*Matumizi: kadiri mtafiti atakavyoona.*
Nikaisoma, nikavua miwani, nikaisoma.
Kompyuta yangu haisogei bila tarakimu sita.
Nikaipa sifuri sita. Ikalia.
Nikawapigia wenye Mfuko, Toronto,
sauti ya kijana ikasema: Mwache.
Nimwache?
Mwache afikiri.

Kufikiri hakuna namba kwenye daftari langu.

Akashuka. Nilidhani ataomba lile hadubini kubwa.
Akakaa, kimya, glavu mapajani.
Aliyeomba sana huzoea ulimi wa kuomba,
wa kupewa humpotea.
Naweza kumlipa Rodelio kiangazi chote?
Naam.
Na mlezi wa mwanangu, usiku wa majaribio?
Nikatazama barua. Naam.
Na nikikosea?

Barua haikusema kitu hapo.
Nami sikusema.

Ndipo akanieleza habari ya sahani ya saba:
Oktoba, seli zilizopaswa kufa
zikakataa kufa.
Ruzuku ile haikulipia mshangao,
basi akaziweka kwenye friza, nyuzi themanini chini,
akabandika karatasi: BAADAYE.
Miezi mitano swali limelala kwenye baridi
kuliko hata Januari yetu.

Walilitoa Aprili. Sijui limezaa nini.
Ripoti ya mwaka imeandika: *sahani ya saba, bado,*
na hakuna aliyenipigia kuuliza.
Kabla ya kufunga vitabu aliniletea
ile risiti ya barafu, wino umefifia.
Nikaikataa tena. Tarehe imepita, nikasema,
tuzo hairudi nyuma.
Akacheka hadi akashika meza. Nami nikacheka,
jambo ambalo ofisi hii haijazoea.

Usiku huu amepita tena dirishani.
Kisigino bado kimepasuka.
Nimepekua risiti zote za mwaka,
mara mbili:
viatu havimo.