Medi, Mesi, Maji

Hesabu nilipata F, Newala, kidato cha nne.
Mwalimu Nandonde akaniandikia kwa wino mwekundu:
Somoe, namba haziumi, mbona unazikimbia?
Leo nina miaka ishirini na tisa,
naosha vioo vya maabara Naliendele,
na usiku nazirudia namba moja moja
kama mtu anayerudi dukani kulipa deni la zamani,
akitazama chini.

Nilianza na nilichokijua: bambo.
Karani wa chama cha msingi analichoma gunia,
zinatoka korosho chache, anazipasua kwa kisu:
nzima, nzima, iliyosinyaa, nzima, yenye doa.
Kwa kiganja kimoja anahukumu gunia zima,
jasho la mama la tangu palizi.
Kumbe huo ndio uwezekano.
Sampuli ikipungua, kosa linanenepa.
Mama alilijua siku zote, alikosa tu alama ya kuliandikia,
ndiyo maana alikuwa akipiga kelele:
"Choma na kule chini, mwanangu! Chini!"

Kisha herufi. Nne tu: A, T, G, C.
A humshika T, G humshika C, wachumba wasiobadilishana.
Zinasomwa tatu tatu, bila nafasi, bila nukta;
nne mara nne mara nne, sitini na nne.
(Nilihesabu kwa punje za kunde mkekani, sikukiamini kitabu.)
Na maneno yote hayo yanataja vitu ishirini
na "koma hapa", basi.
Dondosha herufi moja uone:
mtu ana uji
mua nau ji
Muwa umeota ghafla mwanzo wa sentensi,
na nyuma yake hakuna anayemwelewa mwenzake.
Seli nayo husoma hivyo hivyo, haina aibu,
inapika protini ya "nau".

Ulionishinda ni mti wa nasaba. Wiki tatu.
Ubwiriunga, ule unga mweupe unaokausha maua ya mikorosho,
uliletwa kwa makopo matatu: Newala, Nachingwea, Liwale.
Nani ndugu wa nani?
Pima umbali, kikasema kitabu, panga matriki.
Nikapanga. Nikafuta. Nikapanga.

Mpaka nilipokwenda nyumbani, kwenye foleni ya bomba,
siku ya nne maji hayajapanda mlima.
Bibi mzaa baba akauliza kwa Kimakonde: medi?
Bibi mzaa mama, Myao wa Masasi, akajibu: mesi hakuna.
Mimi katikati, na ndoo, na maji yangu ya shule.

Nikaokota kijiti.
Medi na mesi, tofauti herufi moja.
Medi na maji, mbili.
Mesi na maji, mbili.
Sifuri kwenye ulalo,
maana hakuna aliye mbali na nafsi yake.
Tawi la kwanza likawaunganisha mabibi
ambao hawajasalimiana vizuri tangu mahari ya mama.
Langu likachomoza pembeni, refu, peke yake.
Nilitaka kuwaonyesha,
ila bomba likakohoa, watu wakaukanyaga mti wote
kukimbilia ndoo zao, na mimi nikiwemo.

Usiku nikawapanga wale watatu wa makopo.
Newala na Liwale wakakumbatiana.
Nachingwea, aliye njiani kati yao, akakaa mbali.
Nikarudia. Yale yale.
Ama nimekosea,
ama kuna miche iliyopanda lori bila kumuaga mtu.
Sijui. Makopo matatu ni kiganja, na kiganja chenyewe cha mtoto.
Choma na kule chini.

Kesho naomba ruhusa.
Nachingwea tena, na makopo thelathini,
na kalamu isiyofutika kwa umande.